Georges Méliès: Fundi Aliyewaunda Wakazi wa Mwezini

Bunilizi za kisayansi zinapotajwa katika madarasa ya fasihi, aghalabu majina yanayotangulia ni ya waandishi: Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza. Hao walisafiri mwezini kwa kalamu na wino. Jina la Georges Méliès hutajwa kwa nadra, ilhali yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa walioutwaa ulimwengu huo wa maneno na kuufanya uonekane kwa macho. Mwandishi akisema kwamba mwezini kuna kiumbe wa ajabu, msomaji humalizia kumchora akilini mwake. Mtengenezaji wa filamu hana msaada huo. Sharti amtafutie kiumbe yule kichwa, magoti na nyayo, na ajue vitatengenezwa kwa kitu gani, kwa gharama ipi, na vitavaliwa na nani. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Méliès kwa udongo, plasta, kadibodi, turubai na kamba.

Karibu kila alichokiunda alikiunga kutokana na vitu vilivyokuwa na kazi nyingine hapo awali. La kusikitisha ni kwamba aliishi kuona sehemu kubwa ya alivyovitengeneza ikivunjwa, ikayeyushwa na kurudi kuwa malighafi. Maisha yake kwa hiyo ni kisa cha uumbaji na vilevile ni kisa cha uhifadhi, na si rahisi kusimulia kimoja bila ya kingine.

Mwana wa Mtengenezaji wa Viatu

Georges Méliès alizaliwa jijini Paris tarehe 8 Desemba 1861, akiwa mtoto wa tatu wa kiume baada ya Henri na Gaston. Baba yake, Jean-Louis-Stanislas Méliès, alikuwa fundi wa viatu. Mama yake, Johannah-Catherine Schuering, alikuwa Mholanzi ambaye babake aliwahi kuwa mshonaji viatu wa kasri la kifalme la Uholanzi kabla ya moto kumfilisi. Wawili hao walianzisha kiwanda cha viatu vya hali ya juu, wakapata mali, na wanao wakalelewa katika neema.

Georges alipelekwa katika shule zenye sifa, ikiwemo Lycée Louis-le-Grand. Hata hivyo, daftari zake zilijaa michoro ya kuchekesha kuliko hesabu na Kilatini. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi alikuwa tayari anajenga majukwaa madogo ya kadibodi na kuchezesha vikaragosi juu yake. Alipohitimu mwaka wa 1880, aliingizwa katika kiwanda cha familia, na huko akajifunza kushona. Mwaka wa 1884 alitumwa London kufanya kazi ya ukarani na kukiimarisha Kiingereza chake. Badala ya biashara, jambo lililomteka huko lilikuwa maonyesho ya mazingaombwe katika ukumbi wa Egyptian Hall, uliokuwa ukiendeshwa na mwanamazingaombwe John Nevil Maskelyne.

Aliporejea Paris mwaka wa 1885, alitaka kusomea uchoraji. Baba yake alikataa katakata kugharamia ndoto hiyo, akamweka kuwa msimamizi wa mashine kiwandani. Katika mwaka uo huo Georges alimwoa Eugénie Génin. Kwa macho ya mzazi, mambo yalikuwa yamekwisha kunyooka: kijana ana mke, ana kazi, na ana urithi unaomsubiri. Kumbe miaka ile ya kiwandani ilikuwa ikimpa ujuzi ambao baba hakuukusudia. Alijifunza namna gurudumu linavyolisukuma gurudumu jingine, namna ngozi na kitambaa vinavyokatwa na kuungwa, na namna ya kuirekebisha mashine iliyokwama.

Ukumbi wa Mtengenezaji wa Saa

Mnamo mwaka wa 1888 mzee Méliès alistaafu. Georges aliwauzia ndugu zake sehemu yake ya kiwanda, akaongeza fedha alizoletewa na mkewe katika ndoa, akanunua ukumbi wa Théâtre Robert-Houdin. Ukumbi huo ulibeba jina la Jean-Eugène Robert-Houdin, mtengenezaji wa saa aliyegeuka kuwa mwanamazingaombwe mashuhuri na kufariki mwaka wa 1871. Pamoja na viti na mapazia, mnunuzi alikabidhiwa milango ya siri sakafuni, nyenzo, taa, na wanasesere wa mashine walioweza kujongea wenyewe kwa nguvu ya springi na magurudumu yenye meno.

Hapo ndipo mikono yake ilipopata shule ya kweli. Katika muda wa miaka tisa hivi alibuni viinimacho zaidi ya 30. Alikuwa mwandishi wa vichekesho vifupi, mchoraji wa mandhari, mbunifu wa maleba na mwigizaji kwa wakati mmoja. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo hakuiacha maishani: mtazamaji aone ajabu, asiione kamba inayoivuta. Kamba yenyewe inaweza kuwa ya bei rahisi kabisa, mradi tu ifichwe mahali panapofaa.

Projekta Iliyogeuzwa Kuwa Kamera

Tarehe 28 Desemba 1895, Méliès alikuwa miongoni mwa walioalikwa kutazama maonyesho ya picha zinazojongea ya ndugu Lumière jijini Paris. Alipoziona, alitaka kuinunua mashine ile papo hapo, akatoa ahadi ya faranga 10,000. Akina Lumière walikataa, wala hakuwa peke yake kukataliwa. Mtu mwingine angerudi nyumbani na kulisahau jambo hilo. Yeye alikwenda London, akanunua projekta iliyoundwa na Mwingereza Robert W. Paul, na kufikia Aprili 1896 ukumbi wake ulikuwa ukionyesha filamu.

Projekta huonyesha picha zilizokwisha kupigwa, haipigi mpya. Hata hivyo, Méliès alifahamu kwamba kamera na projekta ni ndugu. Zote mbili huuvuta mkanda kwa vituo vifupi vifupi, picha moja baada ya nyingine, mbele ya lenzi. Tofauti ni kwamba projekta hutoa mwanga nje, nayo kamera huuingiza ndani ya sanduku lenye giza. Kwa hiyo aliichunguza mashine ya Paul na kuigeuza iwe kamera. Chombo kilichopatikana kilikuwa kizito na chenye kelele nyingi, hata mwenyewe akawa akikifananisha kwa mzaha na kinu cha kusagia kahawa. Mikanda aliyoinunua haikuwa na matundu ya pembeni, ikabidi itobolewe. Maabara za kuisafisha hazikuwepo Paris, ikabidi ajifunze kuisafisha mwenyewe kwa kujaribu na kukosea. Kufikia Septemba 1896, yeye na wenzake wawili, Lucien Korsten na Lucien Reulos, walikuwa wamesajili hataza ya kamera yao.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe kuhusu siku za mwanzo. Alikuwa akipiga picha katika uwanja wa Opéra, kamera ikakwama kwa muda mfupi, kisha ikaendelea. Alipouonyesha mkanda, basi la kukokotwa na farasi liligeuka ghafla kuwa gari la maiti. Wanahistoria wengine wanakitilia shaka kisa hicho. Lisilo na shaka ni kwamba mwaka wa 1896 Méliès alitoa filamu ambamo mwanamke aliyeketi kitini anatoweka na mahali pake panatokea mifupa mitupu. Siri yake ilikuwa kusimamisha kamera, kubadilisha kilicho mbele yake, na kuendelea. Mlango wa siri sakafuni ulikuwa umehamia ndani ya mashine.

Karakana ya Vioo

Upigaji wa picha wa wakati huo ulihitaji mwanga wa jua, na jua la Paris halitabiriki. Méliès alijenga studio katika kiwanja cha familia huko Montreuil, kando ya Paris, ikakamilika mwaka wa 1897. Kuta na paa zilikuwa za vioo, na jukwaa lake lilikuwa na vipimo sawa na vya jukwaa la ukumbi wake wa mjini. Humo mandhari yote yalipakwa rangi za kijivu tupu, kwa kuwa mikanda ya enzi hizo ilizipotosha rangi nyingine. Nyekundu, kwa mfano, ilitokea kama nyeusi. Maleba nayo yalizingatia sharti hilo.

Katika karakana hiyo ndimo ilimotengenezwa filamu ya mwaka wa 1902 inayosimulia safari ya kwenda mwezini. Wazo la chombo kinachofyatuliwa kwa mzinga linatokana na Verne. Wakazi wa chini ya ardhi ya mwezi wanaukumbusha ulimwengu wa riwaya ya Wells iliyotoka mwaka wa 1901. Méliès hakuiga kitabu kimoja neno kwa neno. Alichukua kipande hapa na kipande pale, akavishona pamoja na dhihaka yake mwenyewe: wataalamu wa nyota katika filamu yake wanaanza wakiwa wamevaa kofia ndefu za wachawi, wanagombana kama watoto, na kiongozi wao ni Méliès mwenyewe.

Jinsi viumbe wale walivyoundwa inastahili kuelezwa kwa utaratibu. Kwanza Méliès aliwafinyanga kwa udongo: vichwa, nyayo, na vifuniko vya magoti. Kutokana na sanamu hizo zilitengenezwa kalibu za plasta. Kisha fundi wa vinyago alitumia kalibu hizo kutoa nakala za kadibodi, ambazo zilikuwa nyepesi na ziliweza kuvaliwa. Mwishowe maleba hayo yalivalishwa wanasarakasi wa ukumbi wa Folies Bergère, kwa sababu Méliès alitaka wakazi wa mwezi wajongee kwa namna isiyo ya kibinadamu wa kawaida: wajipinde, wabingirike, wajirushe. Kinyago kilifanya nusu ya kazi, na kiwiliwili cha mwanasarakasi kikafanya nusu iliyobaki. Mkazi wa mwezi anapopigwa kwa mwavuli, hulipuka na kuwa moshi. Hapo tena kamera ilisimamishwa, mwanasarakasi akaondoka, moshi ukawashwa, na kamera ikaendelea.

Ule uso wa mwezi unaosogea karibu hadi chombo kinapoutoboa jicho ulipatikana kwa njia nyepesi vilevile. Kamera ilikuwa nzito mno kusogezwa. Badala yake, mwigizaji aliyefanywa mwezi aliwekwa kwenye kiti kilichovutwa kuielekea kamera. Mtazamaji akaona kwamba yeye ndiye anayeruka kuuendea mwezi.

Kazi hiyo ilichukua takribani miezi mitatu na kugharimu kiasi cha faranga 10,000, fedha nyingi kwa filamu ya wakati huo, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na mandhari na maleba ya kadibodi. Baadhi ya nakala zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja moja, katika karakana ya Elisabeth Thuillier iliyoajiri wanawake wengi kwa kazi hiyo.

Jasho la Mmoja, Faida ya Wengine

Filamu hiyo ilipendwa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, fedha za Marekani hazikumfikia aliyeitengeneza. Kampuni ya Thomas Edison na washindani wake huko walipata nakala, wakazirudufisha na kuziuza bila ya kumlipa chochote. Méliès alikuwa amezoea kuitia alama ya kampuni yake, nyota ya Star Film, ndani ya mandhari yenyewe ili kila anayetazama ajue kazi ni ya nani. Nyota haikuwazuia wezi. Mwaka wa 1903 alimtuma kakake Gaston afungue ofisi New York kuilinda hakimiliki, na tangu hapo akawa akipiga kila filamu katika mikanda asilia miwili: mmoja wa Ulaya na mwingine wa Marekani.

Ulinzi huo ulikuja wakati ambapo sinema yenyewe ilikuwa ikibadilika. Filamu zilikuwa zimegeuka kuwa bidhaa za viwanda vikubwa, hasa kampuni ya Pathé, vilivyotoa filamu nyingi kwa gharama ndogo. Méliès aliendelea kuwa fundi mwenye karakana, anayechora mwenyewe, anayeigiza mwenyewe na anayelipa mwenyewe. Mwaka wa 1911 alikubali mkataba na Pathé, akaiweka rehani nyumba yake na studio yake ili apate fedha za kutengeneza filamu.

Fedha hizo zilizaa mmoja wa viumbe wake wakubwa kuliko wote. Katika filamu ya mwaka wa 1912 kuhusu safari ya kwenda ncha ya dunia, wasafiri wanakutana na jitu la theluji linalochomoza kutoka kwenye barafu kuanzia kifuani. Jitu hilo linazungusha macho, linavuta kiko, linamkamata msafiri na kummeza, kisha linamtapika baada ya kupigwa mzinga. Msomaji aliyelelewa kwa ngano za mazimwi atalitambua mara moja. Kilikuwa kikaragosi kikubwa mno, kilichochezeshwa kwa mitambo na watu waliojificha nyuma yake. Ni vikaragosi vile vile vya utotoni, ila vimekua. Kwa bahati mbaya, watazamaji nao walikuwa wamekua. Walitaka visa vinavyopigwa katika barabara na milima halisi, na filamu haikurudisha gharama zake. Mkataba ulivunjika, deni likabaki.

Viatu Tena

Mwaka wa 1913 Eugénie alifariki na kumwacha Méliès na watoto wawili, Georgette na André. Mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza. Sheria za wakati wa vita zilisimamisha ukusanyaji wa madeni, hivyo Pathé haikuweza kuitwaa Montreuil mara moja. Mwaka wa 1917 jeshi liliigeuza studio ya vioo kuwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Jeshi hilo hilo lilitwaa zaidi ya nakala 400 za filamu za Star Film, likaziyeyusha ili kupata madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake pamoja na seluloidi. Seluloidi hiyo ilitumiwa kutengenezea visigino vya viatu.

Mtoto aliyekikimbia kiwanda cha viatu, akauza urithi wake ili awe msanii, alishuhudia usanii wake ukiishia chini ya nyayo. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kubuni kinaya kama hicho.

Pigo la mwisho alijipiga mwenyewe. Mwaka wa 1923 Montreuil ilitwaliwa kwa ajili ya deni, na ukumbi wa Robert-Houdin nao ukawa unabomolewa kupisha barabara. Hakuwa na mahali pa kuiweka mikanda yake asilia, wala pa kuyaweka mandhari na maleba. Kwa hasira na majonzi aliichoma mikanda yote iliyohifadhiwa Montreuil.

Mzee wa Montparnasse

Mwaka wa 1925 Méliès alimwoa Jehanne d'Alcy, mwigizaji aliyekuwa naye tangu siku za mazingaombwe na aliyecheza katika filamu zake nyingi. Wakawa wakiuza peremende na vitu vya watoto vya kuchezea katika kibanda kidogo kwenye stesheni ya reli ya Montparnasse. Wasafiri walimpita kila siku, naye akiwa amezungukwa na wanasesere asiowaunda yeye. Huko ndiko Léon Druhot, mhariri wa jarida la sinema, alikomtambua. Waandishi vijana wakaanza kumtafuta. Mwaka wa 1929 Jean Mauclaire, mwenye ukumbi wa sinema wa Studio 28, alipata shehena ya filamu zake za kale, na tarehe 16 Desemba mwaka huo kukafanywa hafla ya kumtukuza katika ukumbi wa Salle Pleyel. Mnamo 1931 alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemvisha alikuwa Louis Lumière, wa ukoo ule ule uliokataa kumuuzia mashine.

Nishani haimlishi mtu. Mwaka wa 1932 chama cha watu wa sinema kilimpatia makao katika nyumba ya wastaafu huko Orly, yeye, mkewe na mjukuu wake Madeleine. Katika miaka hiyo kijana Henri Langlois na mwenzake Georges Franju walikuwa wakizikusanya filamu za kale zisiangamie, juhudi iliyozaa Cinémathèque française mwaka wa 1936. Walihitaji ghala, wakapata jengo tupu katika uwanja wa Orly. Ufunguo wa jengo hilo alikabidhiwa Méliès. Mtu aliyeichoma mikanda yake kwa mikono yake mwenyewe akawa mlinzi wa mikanda ya wenzake. Alifariki Paris tarehe 21 Januari 1938, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Hitimisho

Kati ya filamu zaidi ya 500 alizozitengeneza Méliès, zilizopatikana hadi leo ni takribani 200. Nakala ya safari ya mwezini iliyopakwa rangi kwa mkono, iliyodhaniwa kupotea kabisa, ilitokea Barcelona mwaka wa 1993 ikiwa imeharibika vibaya. Baada ya kazi ya miaka mingi ya kuirejesha, ilionyeshwa tena Cannes mwaka wa 2011.

Zilizosalia hazikusalia kwa sababu ya mwenyewe. Zilisalia kwa sababu zilikuwa zimetawanyika mikononi mwa wengine: walionunua, waliorithi, waliosahau kuzitupa, na hata waliozirudufisha bila ruhusa. Hilo halimtakasi mwizi, kwani wizi ule ulichangia kumfikisha Méliès kwenye kibanda cha Montparnasse. Linaonyesha tu kwamba kazi ya sanaa iliyo katika nakala moja, chini ya paa moja, iko safarini kuangamia. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili analijua jambo hili kwa njia yake, maana tenzi nyingi za kale zimekifikia kizazi hiki kwa hisani ya wanakili walioketi na kuziandika upya kwa mkono.

Méliès alikuwa na hekima ya kuunda ajabu kutokana na kadibodi na kamba. Hekima ya kuitunza ilimjia uzeeni, pamoja na ule ufunguo wa Orly. Wanaoandika, wanaoigiza na wanaokusanya leo wana nafasi ya kuzishika zote mbili mapema.